Mali ni ya nani? Mapenzi, taharuki na ukoo katika riwaya ya meli iliyozama

Mabibi na mabwana, wapenzi wa riwaya, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie riwaya ya mapenzi na taharuki ambayo kisa chake kinahusu meli iliyozama, waopoaji wa mali na siri za ukoo. Niseme msimamo wangu mapema: dhahabu peke yake haiwezi kuibeba riwaya ya namna hii. Msomaji akishajua kuwa mali iko chini, kilichobaki ni kuipandisha, na hilo haliwezi kumkesheza. Kinachomkesheza ni kujua mali hiyo ni ya nani, na nani alipoteza roho yake mali hiyo ikiwa njiani.

Chukueni kisa cha kweli cha manowari ya Hispania, Nuestra Señora de las Mercedes. Tarehe 5 Oktoba 1804 ilikuwa inarudi kutoka Amerika Kusini pamoja na manowari nyingine tatu, imesheheni sarafu. Hispania na Uingereza hazikuwa vitani. Hata hivyo, karibu na pwani ya Ureno manowari za Kiingereza ziliuzuia msafara huo, mizinga ikaanza kunguruma, na Mercedes ikalipuka. Watu wapatao 250 waliangamia.

Miongoni mwao walikuwamo mke wa Diego de Alvear, afisa wa jeshi la majini, na watoto wao. Alvear mwenyewe alikuwa amehamishiwa manowari nyingine, Medea, kuziba nafasi ya afisa aliyeugua, na alikuwa na mwanawe mmoja tu, Carlos. Baba na mwana walishuhudia mlipuko ule kwa macho yao. Wakapelekwa Uingereza kama mateka. Na huko, jamani, katika nchi ya watu walioizamisha familia yake, Alvear akampenda mwanamke wa Kiingereza, Louisa Ward, akamwoa. Mtunzi akibuni jambo hili, mhariri atamwambia amezidisha chumvi.

Sasa rukeni miaka 200. Mwaka 2007 kampuni ya Kimarekani, Odyssey, ilipandisha kutoka kilindini karibu sarafu 600,000, uzito wa tani 17 hivi, ikazisafirisha kwa ndege hadi Florida. Hispania ikaenda mahakamani ikisema hiyo ni manowari yake na kaburi la watu wake. Peru nayo ikadai, kwa kuwa fedha ile ilitoka kwake. Wakajitokeza pia wazawa wa wafanyabiashara waliokuwa na mali ndani ya meli. Mahakama iliipa ushindi Hispania, na mwaka 2012 sarafu zikarudishwa huko.

Mnaona taharuki inavyojizaa yenyewe? Pande nne, kila upande una hoja, na hakuna aliye mwovu moja kwa moja. Mtunzi mwenye akili atamweka mpenzi mmoja upande wa waopoaji, na mwingine awe mzawa wa mmoja wa waliokufa. Hapo penzi haliwi pambo tena. Kila wanapoaminiana zaidi, mmoja wao anakaribia kuusaliti ukoo au wenzake wa kazi.

Sheria yenyewe inachochea moto. Kwa kawaida, muopoaji wa mali ambayo mwenyewe anajulikana hulipwa tuzo. Hageuki kuwa mmiliki. Akithibitisha kwamba mwenyewe aliitelekeza, ndipo anaweza kupewa. Kwa hiyo karatasi moja inaweza kubadilisha kila kitu, na katika riwaya hii karatasi ni silaha kali kuliko bunduki. Meli ya Hispania iitwayo Atocha ilizama karibu na Florida mwaka 1622 kwa tufani. Vipande vya fedha vilipopatikana vikiwa na namba zilizochongwa, zililinganishwa na orodha ya shehena iliyohifadhiwa Seville, Hispania, zikawiana. Hebu fikirieni mhusika wenu akipitisha kidole juu ya namba zile, kisha akikuta kando yake, katika nakala ya orodha, jina la ukoo wake mwenyewe.

Ila nawasihi, msiiweke barua ya siri ndani ya sanduku lililozama. Nimechoka nayo. Katika maji yenye joto, wadudu wa baharini hutafuna mbao, karatasi huoza, na sarafu za fedha hugeuka kuwa bonge jeusi lililogandamana ambalo mtu asiyejua angelipita akidhani ni jiwe. Dhahabu tu ndiyo hutoka inang'aa. Barua iwekeni nchi kavu, kwenye nyaraka za serikali au kabati la shangazi aliyekataa kusema.

Na mpiga mbizi aliyekwenda chini sana kwa muda mrefu hawezi kuibuka ghafla. Lazima asimame kwenye kamba, apande kidogo, asimame tena, hewa iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu, la sivyo anaweza kupooza au kufa. Wawekeni wapenzi wawili kwenye kamba hiyo. Mmoja ameona jambo kule chini. Mwenzake ameng'amua kwamba ameona. Hawawezi kusemezana wala kukimbiana. Mimi ningeipa tukio hilo sura nzima.

Juu ya ukoo, waopoaji nao wana wao. Mel Fisher aliitafuta Atocha kwa miaka 16. Mwaka 1975 mwanawe Dirk aligundua mizinga yake ya shaba. Siku chache baadaye boti ikapinduka usiku, akafa yeye, mkewe Angel na mpiga mbizi mwingine. Tarehe 20 Julai 1985, miaka kumi kamili baada ya ajali hiyo, rundo kuu la shehena likapatikana, na aliyetoa taarifa kwa redio ni mwana mwingine, Kane.

Nirudi kwa Alvear, maana hapo ndipo ningeanzia kuandika. Katika ndoa ile ya pili alizaliwa binti, Sabina, na ndiye aliyekuja kuandika historia ya baba yake. Mama yake ni Mwingereza. Ndugu zake wa baba waliuawa kwa mizinga ya Waingereza. Asingezaliwa kama Mercedes ingefika salama. Mhusika mkuu ninayemtafuta katika riwaya hizi ni mwanamke kama huyu, ameketi na karatasi za baba yake, akiamua aandike nini kuhusu mke wa kwanza.