Mvua Ilinyesha Lini?

Mabibi na mabwana, wanafunzi wangu, na ninyi wakulima mliodamka alfajiri kuja hapa Nairobi kutoka Machakos, Kiambu na Nyandarua, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze kuhusu hali ya hewa na mazao. Mada hiyo ni pana, kwa hiyo nitashikilia swali moja tu, ambalo naamini ndilo linaloamua kama familia itakula mahindi yake au itanunua unga: mvua ilinyesha lini? Tumezoea kuuliza ilinyesha kiasi gani. Redioni tunatangaziwa kwamba msimu utakuwa na mvua ya juu au ya chini ya wastani, na mkulima anabaki na neno hilo "wastani" bila kujua apande wiki gani.

Tuyatazame mahindi yenyewe. Mbelewele inayochanua kileleni hutoa chavua, na ndevu zinazochomoza kwenye gunzi changa huipokea, kila unywele kwa ajili ya punje yake moja. Mmea ukikosa maji siku hizo, ndevu huchelewa kutoka, ilhali mbelewele haingoji. Chavua hupukutika bila kupokewa, na joto likizidi nyuzi 35 chavua yenyewe hufa. Mkulima huvuna gunzi lenye mapengo kama kinywa cha mzee. Ndiyo maana shamba la Yatta, eneo kame la Machakos, linaweza kupata milimita 300 katika msimu mmoja na bado likose chakula, endapo nusu ya maji hayo yalimwagika kwa siku chache mwanzoni mwa Novemba yakachukua udongo hadi mtoni, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo wakati mahindi yanachanua. Kwenye hesabu za mwisho, msimu huo utaandikwa kuwa mzuri. Nimesimama katika mashamba ya namna hiyo pamoja na wenyewe, na sijapata maneno ya kuwaambia.

Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, kule Machakos, walilielewa jambo hili mapema. Mbegu ya mahindi waliyoitoa miaka ya 1960 haikusifiwa kwa ukubwa wa gunzi, bali kwa kuwahi kuchanua kabla mvua haijakatika, na kwa maoni yangu huo ni mojawapo ya michango mikubwa ya sayansi ya kilimo katika nchi hii.

Kwa nini mvua huiacha ratiba yake? Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huja pepo za kaskazi na kusi zinapopishana, jua likivuka ikweta. Vuli, hasa, hutawaliwa na joto la Bahari Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, mawingu hujaa kwetu, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Mambo yakigeuka, hasa wakati wa Lanina, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yanapopoa kuliko kawaida, tunakauka. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo kwa mamilioni ikafa. Masika ya 2024 yakaja kwa mafuriko, na wakazi wa Mathare, si mbali na ukumbi huu, hawahitaji mimi niwasimulie.

Maji mengi pia yana siku zake mbaya. Viazi vya Nyandarua vikinyeshewa mfululizo katika baridi, bakajani, ambayo wengi wenu mnaiita blaiti, huweza kuunguza shamba zima kwa siku chache. Lakini balaa linalonisumbua zaidi ni mvua inayonyesha wakati wa kuvuna, kwa sababu watu hudhani zao likishakomaa limeshaokoka. Mahindi yaliyoteswa na ukame shambani ni rahisi kuvamiwa na kuvu, na yakihifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu huyo huongeza sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kutokana na sumu hiyo na 125 wakafa. Wengi wao walikula ugali wa mahindi ya kwao wenyewe. Gunia lililokauka vizuri na turubai la kuanikia lingebadilisha mengi pale, na taarifa ya mapema kwamba siku za kuvuna zitakuwa na mvua ingebadilisha mengi vilevile.

Kwa hiyo ninachowaomba wenzangu wanaoandaa utabiri ni kwamba tarehe zitangulie milimita: mvua inatarajiwa kushika wiki gani, itakatika wiki gani, na kiangazi cha katikati ya msimu kinaweza kuangukia wapi. Ili waweze kusema hivyo kwa kila kata, wanahitaji kumbukumbu za mashambani, na hizo mnazo ninyi.

Basi naomba kipaza sauti kiende kwa wakulima kabla ya maprofesa. Mliolima Yatta na Mwala vuli iliyopita, mvua ya kwanza ya kupandia mliipata tarehe ngapi, na mahindi yalipotoa mbelewele, udongo ulikuwa na unyevu?