Jibu la Kipimo ni la Nani?

Mheshimiwa mwenyekiti, matabibu na wauguzi mliopo, wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa dini, wenzangu nyote, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie miungano ya kanda: hospitali, zahanati, idara za afya, mashirika ya bima, vyama vya kijamii na nyumba za ibada za eneo moja zinapokaa meza moja ili watu wengi zaidi wafanyiwe uchunguzi wa saratani, na ili mtu asife mapema kwa sababu tu ya kipato chake au rangi yake. Mifano yangu mingi itatoka Marekani. Huko miungano hii imedumu kiasi cha kutosha kuonyesha matunda, na kuonyesha pia ilipokwama.

Nianze na swali. Mwanamke mmoja amepigwa picha ya matiti katika gari la afya lililoegeshwa nje ya nyumba ya ibada. Picha imeonyesha kivuli kisichoeleweka. Aliyeisoma ni daktari wa mji mwingine. Jibu limetumwa kwenye zahanati ambayo mwanamke huyu aliwahi kufika mara moja tu. Hospitali inayoweza kumkata kipande kidogo cha nyama ya titi kwa ajili ya kipimo inasubiri barua ya rufaa. Bima haijasema kama italipa. Je, kwa wakati huu mwanamke huyu ni mgonjwa wa nani?

Ukiwauliza wote hao, kila mmoja atakuonyesha kwamba kazi yake ameimaliza. Na ni kweli, ameimaliza. Gari limepiga picha, daktari amesoma, zahanati imepokea. Ila hakuna aliyemshika mkono mwanamke mwenyewe. Kama muungano wa kanda una sababu ya kuwepo, basi ni hapo, katika nafasi iliyo kati ya taasisi moja na nyingine. Mabango, fulana na matembezi ya hisani taasisi yoyote inaweza kuyaandaa peke yake.

Aliyeliona hili mapema kuliko wengi ni Dokta Harold Freeman, daktari mpasuaji aliyeanza kazi katika hospitali ya umma ya Harlem, New York, mwaka 1967. Wagonjwa wake wengi walikuwa Wamarekani weusi wa kipato cha chini. Zilipokusanywa kumbukumbu za wagonjwa 606 wa saratani ya matiti waliotibiwa pale kati ya 1964 na 1986, ilionekana kwamba asilimia 49 walifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Waliokuwa hatua ya kwanza walikuwa asilimia 6 tu. Baada ya miaka mitano, waliobaki hai walikuwa asilimia 39.

Freeman na wenzake walifanya mambo mawili. Walifungua milango ya uchunguzi kwa bei nafuu au bure kabisa. Kisha mwaka 1990 wakaajiri wasindikizaji wa wagonjwa, watu wa mtaa uleule ambao kazi yao ilikuwa kumshika mgonjwa tangu siku jibu baya linapotoka mpaka matibabu yanapoanza. Karatasi za bima zimemshinda? Msindikizaji anazijaza naye. Hana nauli, hana wa kumwachia watoto, anaogopa kisu? Msindikizaji yupo. Katika kundi la baadaye la wagonjwa 325, wa miaka ya 1995 hadi 2000, waliofika hatua ya tatu au ya nne walikuwa asilimia 21, na waliobaki hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 70.

Najua mtaalamu wa takwimu aliyekaa pale mbele atanikatiza. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, miaka ya kuishi baada ya kugunduliwa huonekana mingi hata kama siku ya kufa haikusogea; na dawa nazo ziliboreka katika kipindi hicho. Ni kweli. Lakini kushuka kutoka asilimia 49 hadi 21 kwa wanaofika wakiwa wamechelewa hakutokani na dawa mpya. Kunatokana na watu kufika.

Harlem ilikuwa hospitali moja. Nataka nikae zaidi na Delaware, kwa sababu pale jimbo zima lilijaribu.

Delaware ni jimbo dogo, kaunti tatu tu, na wakati ninaouzungumzia lilikuwa na watu wasiofika milioni moja. Vifo vya saratani huko vilikuwa juu ya wastani wa nchi. Mwaka 2001, chini ya Gavana Ruth Ann Minner, liliundwa baraza lililowaleta pamoja wanasiasa, madaktari, hospitali na wananchi walioguswa na ugonjwa huu. Wangeweza kuanza na saratani kumi kwa pamoja. Wakaweka nguvu kubwa kwenye moja, ya utumbo mpana, na kwa maoni yangu uchaguzi huo ndio uliobeba nusu ya mafanikio yao.

Kwa nini utumbo mpana? Tuna methali yetu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, nasi tunaibandika kwenye kila bango la uchunguzi bila kuuliza kama inafaa. Picha ya matiti haikingi saratani. Inaikuta ikiwa bado ndogo. Utumbo mpana na shingo ya kizazi ni habari nyingine. Katika utumbo mpana, saratani nyingi huanza kama vijinyama vinavyokua polepole kwa miaka, na daktari anayeingiza kamera huvikata palepale kabla havijageuka. Hapo uchunguzi wenyewe ni kinga. Muungano unaoanza na ugonjwa wa aina hiyo unajipa nafasi ya kuona idadi ya wagonjwa wapya ikishuka, si vifo peke yake.

Delaware wakaweka fedha za serikali kumlipia kipimo asiye na bima. Wakaweka wauguzi wasindikizaji hospitalini, jimbo zima. Wakaenda kwa makusudi kwenye jumuiya za Wamarekani weusi, ambako upimaji ulikuwa chini zaidi. Kisha wakafanya jambo ambalo miungano mingi hulikwepa: asiye na bima akikutwa na saratani, matibabu yake yanalipiwa, hadi miaka miwili.

Nawaomba mlitafakari hilo la mwisho. Mtu maskini anapokataa kupimwa, sisi wataalamu huandika katika ripoti zetu kwamba hana uelewa. Mara nyingi anao, tena wa kutosha. Anajua kwamba akikutwa na ugonjwa hataweza kuulipia, na kwamba atakuwa amenunua hofu bila dawa. Ukimhakikishia tiba, umejibu swali aliloliuliza moyoni kabla hujafungua kipeperushi chako.

Matokeo? Mwaka 2002, watu wa miaka 50 na zaidi waliokuwa wamepimwa walikuwa asilimia 57. Kwa Wamarekani weusi ilikuwa 48. Kufika 2009, makundi yote mawili yalikuwa asilimia 74. Pengo la upimaji likawa limefungwa. Miongoni mwa weusi, waliogunduliwa saratani ikiwa tayari imetoka nje ya utumbo walishuka kutoka asilimia 79 hadi 40. Wagonjwa wapya walitoka 67 katika kila watu 100,000 hadi 45, karibu sawa na weupe. Vifo vyao vilipungua kwa asilimia 42. Chini ya miaka kumi! Wapo waliokuwa wakisema tofauti hizi ziko kwenye damu. Damu za watu wa Delaware hazikubadilika kati ya 2002 na 2009.

Sasa twende Chicago, maana huko somo ni chungu. Katika miaka ya 1980 mwanamke mweusi na mwanamke mweupe wa Chicago walikuwa wanakufa kwa saratani ya matiti kwa viwango vinavyokaribiana. Uchunguzi na tiba vilipoboreka, vifo vya weupe vikashuka. Vya weusi vikabaki palepale. Kufika 2003 vifo vya weusi vilikuwa juu kwa asilimia 68. Maendeleo ndiyo yaliyozaa pengo, kwa sababu yaligawiwa kwa upande mmoja.

Kikosi kazi cha jiji zima kiliundwa mwaka 2007, hospitali nyingi zikaingia. Wengi walitarajia kusikia kwamba wanawake weusi hawaendi kupimwa. Kilichojitokeza ni kwamba ubora wenyewe wa kipimo ulitofautiana. Vituo vilivyowahudumia wanawake weusi mara nyingi picha zake zilisomwa na madaktari wa picha za kila aina, wasio mabingwa wa matiti, na uvimbe mdogo ukapita bila kuonekana. Mwanamke amekuja, amevua, amebanwa titi kwenye mashine, amerudi nyumbani akiamini yu salama. Kumhimiza huyu ajitokeze kupimwa ni kumkosea adabu, amekwisha jitokeza. Hospitali zilipokubali kutoa takwimu zao zilinganishwe, kwa masharti ya usiri, hapo ndipo kazi ya kurekebisha ikapata pa kuanzia. Hospitali kukubali kuonyesha makosa yake mbele ya washindani wake si jambo dogo, na sidhani lingewezekana bila meza isiyomilikiwa na yeyote kati yao.

Kuna sehemu nyingine pengo linapojificha, nayo ni kanuni zenyewe. Mwongozo wa kitaifa wa Marekani wa 2013 kuhusu saratani ya mapafu ulitaka anayepimwa awe na miaka 55 au zaidi, na awe amevuta sigara kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 30. Wavutaji weusi kwa wastani huvuta sigara chache kwa siku, na saratani huwapata wakiwa na umri mdogo zaidi. Kwa hiyo wengi waliokuwa hatarini walifungiwa nje na karatasi. Mwaka 2021 mwongozo ukashushwa: umri ukawa miaka 50, na kiwango cha uvutaji kikawa pakiti moja kwa siku kwa miaka 20. Kwa kalamu tu, bila mashine hata moja kununuliwa.

Nitoe tahadhari moja, ili msitoke hapa mkidhani kila kipimo ni baraka. Korea Kusini ilianzisha mpango wa taifa wa uchunguzi mwaka 1999. Saratani ya tezi ya shingo haikuwemo katika mpango huo, lakini vituo viliiongeza kwa malipo kidogo, kwa kuwa mashine zilikuwepo. Kufika 2011 waliokuwa wakigunduliwa walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Vifo havikubadilika. Maelfu wakakatwa tezi ambazo huenda zisingewadhuru maisha yao yote, wakabaki wakimeza vidonge kila siku. Muungano unaopima mafanikio yake kwa idadi ya vipimo utaishia huko. Nikialikwa kwenye mkutano nikasikia mtu anajivunia watu elfu kumi waliopimwa, swali langu huwa moja: walioonekana na tatizo walikuwa wangapi, na wangapi kati yao wamekwisha anza tiba? Mara nyingi chumba hunyamaza.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mkakati wake wa saratani ya shingo ya kizazi mwaka 2020 liliweka namba tatu za kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Angalieni: namba ya tiba iko juu kuliko ya upimaji. Waliopanga walijua wanachofanya.

Nimeletewa maswali mawili kwenye karatasi.

La kwanza: je, vipimo vya kufanya nyumbani havitaondoa haja ya hizi kamati za miungano? Vinasaidia sana. Shirika la afya la Kaiser Permanente, kaskazini mwa California, lilipoanza katika miaka ya 2006 hadi 2008 kuwatumia wanachama wake kwa posta kikopo cha kipimo cha kinyesi, cha kutafuta saratani ya utumbo mpana, bila kusubiri waombe, upimaji ukapanda hadi zaidi ya asilimia 80, na tofauti ya vifo kati ya weusi na weupe karibu ikatoweka. Lakini Kaiser ni bima, zahanati na hospitali chini ya paa moja. Kikopo kikirudi na jibu baya, anayepaswa kumwita mgonjwa kwa kipimo cha kamera anajulikana. Kwenye kanda yenye taasisi ishirini, kikopo kinarudi kwa nani? Na muda una maana: utafiti uliofanyika hukohuko Kaiser uliona kwamba wanaocheleweshwa zaidi ya miezi kumi baada ya jibu baya hukutwa na saratani nyingi zaidi, na zilizosambaa zaidi. Kwa hiyo vipimo vya nyumbani vinaongeza haja ya kamati.

La pili: mkutano wa kwanza wa muungano uanze na nini? Mimi ningewaomba kila taasisi ije na orodha yake ya watu walioonekana na tatizo mwaka uliopita, idadi tu, bila majina, ikiwa imegawanywa kwa mtaa, kipato na lugha, na pembeni yake idadi ya waliofika kwenye kipimo cha pili. Wanasheria watasema haiwezekani. Waalikwe nao, wakae mezani waseme inawezekana vipi. Halafu kwa kila jozi ya taasisi zinazopokezana wagonjwa, iandikwe nafasi ya mtu mmoja anayewajibika, simu yake, na siku ngapi anazo kabla hajaulizwa. Suala la jina la muungano na nembo yake liwekwe ajenda ya mkutano wa tatu.