Siri ya Mtungi: Mhadhara kuhusu Kuunganisha Modeli za Uchumi wa Mataifa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie modeli za pembejeo na uzalishaji, yaani hesabu za kila sekta inanunua nini kutoka sekta nyingine ili izalishe, hasa zile zinazounganisha uchumi wa nchi moja na nyingine. Naomba tuanzie ubaoni. Historia itafuata, maana asiyeshika hesabu ndogo ya sekta mbili hataelewa kwa nini watu wamezeeka wakiishughulikia hesabu kubwa.

Nimechora uchumi wenye sekta mbili tu, kilimo na viwanda. Kilimo kikizalisha bidhaa za thamani ya 100, kimetumia 20 za mazao ya kilimo chenyewe, kama mbegu na malisho, na 40 za bidhaa za viwandani. Viwanda vikizalisha 100, vimetumia 30 za kilimo na 10 za viwanda vingine. Kinachobaki, yaani 40 kwenye kilimo na 60 kwenye viwanda, ndicho tunachokiita ongezeko la thamani: mishahara, faida na kodi.

Sasa tuseme walaji wanataka bidhaa za viwandani za 60 zaidi. Je, viwanda viongeze 60 tu? Hapana. Hizo 60 zinadai 18 kutoka kilimo na 6 kutoka viwanda. Hizo 18 za kilimo nazo zinadai 3.6 za kilimo na 7.2 za viwanda, na zile 6 za viwanda zinadai 1.8 za kilimo na 0.6 za viwanda. Dai linazaa dai, lakini kila kizazi ni kidogo kuliko kilichotangulia, mpaka mwisho hesabu inatulia: viwanda vinaongeza 80, kilimo kinaongeza 30. Hakikisheni wenyewe. Viwanda vya 80 vinakula 24 za kilimo, kilimo cha 30 kinakula 6 za kilimo, jumla 30. Hakuna kilichopotea njiani.

Wazo la kuuchora uchumi kwa jedwali ni la zamani. Mfaransa François Quesnay alichora lake mwaka 1758. Aliyeligeuza kuwa chombo cha kupimia na kukokotoa ni Wassily Leontief, ambaye mwaka 1936 alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu uchumi wa Marekani na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel. Kila ofisi ya takwimu inayotengeneza majedwali haya leo inatembea juu ya barabara aliyoichonga yeye.

Lakini jedwali la nchi moja lina mlango ulioachwa wazi. Kiwanda kinaponunua chuma, sehemu ya chuma hicho inatoka nje. Katika modeli ya nchi moja, dai hilo linatoka mlangoni na kupotea. Modeli inahesabu kwamba fedha zimeondoka, basi. Haijui kwamba kule zilikokwenda zimeamsha mgodi, mgodi umenunua mashine, na mashine hizo huenda zinatengenezwa hapa hapa tulipoanzia. Upande wa mauzo ya nje ni hivyo hivyo: mtunga modeli anakisia tu kwamba yatakua kwa asilimia fulani, kana kwamba wanunuzi wa nje hawana uchumi wao wa kueleza kwa nini wananunua.

Chukueni nchi mbili, ya kwanza na ya pili. Katika nchi ya kwanza, kila dai la 100 kwa wazalishaji wa ndani hatimaye huvuta 30 kutoka nchi ya pili. Katika nchi ya pili, kila 100 huvuta 20 kutoka ya kwanza. Serikali ya nchi ya kwanza inaanza ujenzi unaoleta dai la 100. Nchi ya pili inapata 30. Kutokana na hizo 30, nchi ya kwanza inarudishiwa 6. Kutokana na 6, ya pili inapata 1.8, kisha ya kwanza 0.36, na kadhalika. Mwisho wake ya kwanza imepata karibu 106.4 na ya pili karibu 31.9. Zile 6.4 za ziada ndizo ambazo modeli ya nchi moja isingeziona kamwe. Katika mfano huu ni kidogo. Nchi ikiwa ndogo na majirani wakubwa, au kinyume chake, picha hubadilika sana.

Ninalotaka kulisema leo kwa nguvu zote ni hili: kuunganisha modeli si kuzimeza. Kuna njia mbili za kufanya kazi hii, na tofauti yake si ya kiufundi peke yake.

Njia ya kwanza ni kutengeneza jedwali moja kubwa la dunia. Mwaka 2012 ilitolewa hifadhidata iitwayo WIOD, yenye nchi 40 na sekta 35 kwa kila nchi. Ongezeni kundi moja la nchi zote zilizobaki, mnapata mistari 1,435. Kila mstari unakutana na safu 1,435, na hapo mna visanduku zaidi ya milioni 2 kwa mwaka mmoja tu. Ni kazi ya heshima na nimeitumia mara nyingi. Lakini jiulizeni ni vingapi kati ya visanduku hivyo vimepimwa. Takwimu za forodha zinatuambia chuma kiasi gani kimetoka nchi gani. Hazituambii kwamba chuma cha nchi hii kimekwenda kwa mtengeneza magari na cha nchi ile kwa mjenzi wa madaraja. Kwa hiyo mgao hufanywa kwa uwiano: watumiaji wote wa aina moja wanahesabiwa kuwa wamenunua kutoka kila nchi kwa kiwango kile kile. Mtumiaji wa jedwali asipolijua hilo, atasoma dhana akidhani anasoma kipimo.

Njia ya pili ni ile waliyoifuata wanauchumi wawili: Lawrence Klein, aliyeshiriki kuanzisha Project LINK, mradi wa kuunganisha modeli za nchi mbalimbali, mwaka 1968, na Clopper Almon, aliyeanzisha INFORUM, kundi la utafiti katika Chuo Kikuu cha Maryland, mwaka 1967. Modeli za Klein zilikuwa za uchumi kwa ujumla wake, za Almon zilijengwa juu ya majedwali ya sekta, lakini msimamo ulikuwa mmoja: kila nchi iundiwe modeli na watu wake, kisha modeli hizo zizungumze kupitia biashara. Siri ya mtungi aijuaye kata. Anayeishi na takwimu za nchi yake anajua kwamba mwaka fulani kiwanda kikubwa kilifungwa kwa matengenezo, kwamba sekta fulani imehamishwa kutoka kundi hili kwenda lile, kwamba ruzuku fulani inaandikwa mahali pasipotarajiwa. Hayo hayamo ndani ya jedwali lililopakuliwa, nami siamini kwamba yatakaa yawemo.

Zinazungumzaje? Kupitia orodha moja ya bidhaa ambayo wote wameikubali. Nchi moja inaweza kuwa na sekta 60 na nyingine 25. Si tatizo, mradi kila moja ina daraja la kutoka sekta zake kwenda kwenye orodha ile. Modeli ya kila nchi inatoa vitu viwili: kiasi cha kila bidhaa inachoagiza, na bei ya kila bidhaa inayouza. Modeli ya biashara inakaa katikati, ikiwa na jedwali la mgao kwa kila bidhaa: katika kila 100 za mashine zinazoagizwa na nchi fulani, 35 zinatoka huku, 20 kule, hadi zitimie 100. Mgao huo haujagandishwa. Anayepandisha bei kuliko wenzake anapoteza sehemu yake polepole, na aliyewekeza kwenye mitambo mipya anaongeza yake.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Mikondo ni miwili na inakwenda kinyume. Kiasi kinatoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji: wewe ukiagiza zaidi, mimi nauza zaidi. Bei inatoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi: mishahara yangu ikipanda, mashine zangu zinakuwa ghali, na gharama zako wewe uliyezinunua zinapanda. Modeli zinaendeshwa moja baada ya nyingine, zinapeana namba, zinaendeshwa tena, mpaka namba zikome kusogea. Kwa kawaida haichukui mizunguko mingi, kwa sababu ile ile tuliyoiona ubaoni: kila raundi ni ndogo kuliko iliyopita.

Faida ya kuunganisha modeli inaonekana pale ambapo takwimu za kawaida zinapotosha. Mwaka 2010 watafiti wawili, Yuqing Xing na Neal Detert, walichambua simu ya iPhone iliyokuwa ikiuzwa kutoka China kwenda Marekani. Gharama ya kuitengeneza ilikuwa dola 178.96, na kati ya hizo, kazi ya kuunganisha iliyofanyika China ilikuwa dola 6.50. Vipuri vilitoka Japani, Ujerumani, Korea Kusini, Marekani kwenyewe na kwingineko. Forodha iliandika thamani yote kuwa mauzo ya China. Modeli zilizounganishwa zinarudisha kila dola kwa aliyeifanyia kazi, na mjadala wa nakisi ya biashara kati ya nchi mbili unabadilika kabisa. Tangu mwaka 2013, OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, na Shirika la Biashara Duniani wamekuwa wakitoa takwimu za biashara kwa ongezeko la thamani, kwa msingi huo huo.

Sasa nije kwenye sehemu inayokula muda wetu wote, nayo ni takwimu za biashara zenyewe. Nchi moja inasema imeuza 100 kwa jirani. Jirani anasema amenunua 112. Si lazima kuna mwongo. Muuzaji anahesabu thamani ya mzigo ulipofika kwenye meli, mnunuzi anaongeza nauli na bima. Mzigo ulioondoka Desemba unafika Januari, mwaka mwingine. Mzigo uliopitia Rotterdam au Singapore unaweza kuandikwa na muuzaji kuwa umekwenda huko, na mnunuzi akaandika nchi ya asili. Wengi wetu huwa tunaegemea takwimu za mnunuzi, kwa kuwa forodha hutoza ushuru kwa kinachoingia, hivyo hukikagua kwa makini zaidi. Hata hivyo ushuru ukiwa mkubwa, mwagizaji naye ana sababu ya kupunguza thamani kwenye karatasi. Hakuna kanuni moja. Inabidi ukae na bidhaa moja moja.

Wavivu wa kukaa nazo hukimbilia kusawazisha kwa mashine. Ipo mbinu iitwayo RAS, inayohusishwa na Richard Stone na wenzake wa Cambridge. Unazidisha kila mstari ili jumla yake itimie, kisha kila safu, kisha mistari tena, mpaka pande zote mbili zikubaliane. Ni mbinu nzuri na ninaitumia. Hatari yake ni kwamba haijui kosa liko wapi. Kosa la kisanduku kimoja inalisambaza kwenye mstari wote na safu yote, jedwali linatoka likiwa safi, jumla zote zinakubaliana, na kosa limo ndani kila mahali.

Niwape lililotupata. Tulikuwa tunaunganisha modeli za nchi kadhaa, na mwenzetu aliyeshughulikia nchi moja yenye visima vya mafuta alilalamika kwamba mauzo yake ya mafuta ghafi hayana mnunuzi. Modeli yake inauza, modeli ya biashara haioni pa kupeleka. Wakati huo huo nilikuwa na jedwali la nchi nyingine, lililokwisha kusawazishwa na kupendeza, ambalo ndani yake sekta ya usafirishaji ilikuwa na ongezeko la thamani chini ya sifuri, kana kwamba madereva wote walikuwa wakilipa ili waruhusiwe kuendesha. Nacho kiwanda cha kusafisha mafuta kilikuwa kikitoa petroli bila kununua mafuta ghafi ya maana.

Tulipekua kwa siku nyingi. Tulitazama bei, tukatazama kiwango cha kubadilisha fedha, tukashuku ofisi ya takwimu, tukaiomba radhi baadaye. Mwisho tulifungua faili la daraja la nchi hiyo nyingine, lile linalotafsiri namba za forodha kwenda kwenye sekta. Sura ya 27 ya orodha ya forodha ndiyo ya nishati za madini. Aliyeandika daraja alikuwa ameielekeza sura nzima kwenye sekta ya mafuta yaliyosafishwa. Mafuta ghafi yote yaliyoagizwa yakaingia nchini kwa jina la petroli. Petroli ikazidi, RAS ikatafuta wa kuinywa, na mnywaji mkubwa kwenye jedwali ni usafirishaji. Ikammiminia.

Katika nchi ile peke yake hakuna aliyekuwa ameona. Namba hasi ilikuwa imefichwa ndani ya sekta pana zaidi kwenye ripoti za kawaida. Aliyeona ni mwenzetu wa nchi yenye visima, kwa kuwa soko lake lilitoweka. Tulirekebisha daraja kwa mistari miwili: namba ya forodha 2709, mafuta ghafi, yaende sekta ya 06, uchimbaji; na namba 2710, mafuta yasiyo ghafi, yaende sekta ya 19, usafishaji. Tukaendesha modeli zote upya usiku ule. Asubuhi mauzo yake yalikuwa na mnunuzi, na madereva wa nchi ile nyingine walikuwa wanalipwa.

Ubao nauacha kama ulivyo. Karibuni kwa maswali.