Kuvuja si Kukojoa: Kuishi na Mbwa Aliyepooza Miguu ya Nyuma

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuniachia Jumamosi yenu. Huyu aliyelala kwenye leso hapa mbele anaitwa Simba. Ana miaka saba. Miguu yake ya nyuma haijafanya kazi tangu Aprili ya mwaka juzi, siku alipogongwa na gari huko kwetu Kayole, mvua ikinyesha. Ajali yenyewe sitaisimulia. Nimekuja kuongea juu ya kibofu.

Najua wengi mmekuja kuuliza habari za kigari, kile cha magurudumu anachotembelea. Tutafika huko. Lakini mbwa aliyepooza hauawi na miguu. Anauawa na mkojo unaobaki ndani, na vidonda vya kulalia. Miguu inaweza kulala miaka mingi na mbwa akaishi vizuri. Kibofu hakisubiri hata siku mbili.

Neva za miguu ya nyuma na neva za kibofu zote hupitia uti wa mgongo. Uti ukipondeka, ujumbe unakatika njiani. Kibofu kinajaa, mbwa hana habari, na hata angekuwa nayo hana namna ya kukifungua. Kikijaa kupita kiasi kinafurika, matone yanaanza kutoka yenyewe. Mimi nilipoona gunia lake limelowa nilishukuru Mungu, nikidhani anakojoa. Baada ya wiki mbili mkojo ulikuwa unanuka vibaya, umechafuka kama maji ya kuoshea mchele, kisha ikaja damu, na homa. Aliyemtibu mwanzo alikuwa amenipa dawa ya maumivu na kunishauri nimchome sindano ya mwisho. Habari ya kibofu hakuitaja. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu ni jambo la kufundishwa kwa dakika kumi. Kuvuja si kukojoa. Mkisahau yote ya leo, hilo mkae nalo.

Sasa kukamua, yaani kuutoa mkojo kwa kubana kibofu kwa mikono. Mbwa mkubwa msimamishe katikati ya magoti yako, au mlaze ubavu. Weka viganja viwili bapa, kimoja kila upande wa tumbo, mbele kidogo ya mapaja. Usitumie ncha za vidole. Tafuta kitu cha mviringo kinachoteleza, kama chungwa ndani ya mfuko wa maji. Ukikipata, bana polepole kuelekea mkiani, na ushikilie. Usipige, usishtue. Mkojo ukianza kutoka, endelea vilevile mpaka usikie chungwa limekuwa soksi tupu. Hivyo mara tatu au nne kwa siku, kila siku. Kuna mbwa ambao mlango wa kibofu umekaza, na ukilazimisha unaweza kukipasua. Kwa hiyo mara ya kwanza fanya mbele ya daktari wa mifugo. Kuna dawa za kuulegeza mlango huo. Rangi na harufu ya mkojo viangalie kila mara, usingoje homa.

Kuhusu siku ya ajali yenyewe nitasema machache. Mbwa usimnyanyue kwa kumshika kwapani. Mtelezeshe juu ya ubao, mfunge kwa shuka, umpeleke hivyo. Dawa zako za maumivu usimpe. Ibuprofeni inaharibu tumbo na figo za mbwa. Na daktari atabana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mtazameni mbwa usoni, msitazame mguu. Mguu unaweza kujivuta wenyewe bila mbwa kuhisi chochote. Akigeuka, akilia, akitaka kuuma, basi maumivu yamefika kichwani, na matumaini ya kutembea tena ni makubwa zaidi. Simba hakugeuka.

Na hili lisikilizeni vizuri. Mbwa akipooza ghafla bila kugongwa wala kuanguka, sauti imebadilika, mate yanamtiririka, hawezi kumeza, msitie mkono mdomoni. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungieni mahali, mwiteni daktari. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachanjwe. Chanjo ya mbwa isipite mwaka.

Vidonda. Simba analala juu ya godoro nene lililovikwa turubai, shuka juu yake, na namgeuza kila baada ya saa nne, usiku saa sita naamka. Mkojo ukikaa kwenye ngozi unaichoma kama moto. Kule kwetu maji hayapatikani kila siku, kwa hiyo pipa la maji ya Simba haliguswi hata na wageni. Mwezi wa saba, baridi ikikaza, namwosha adhuhuri tu na kumkausha hadi mapajani. Sakafu ya saruji inakula vidole vyake vya nyuma, navyo havisikii. Humvalisha soksi za mtoto, na kila jioni nakagua kidole kimoja kimoja.

Kigari alitengeneza fundi wa Kamukunji. Mabomba ya plastiki ya maji, magurudumu ya kigari cha mtoto nilichokipata Gikomba, mshipi wa begi kifuani. Mgongo lazima ulale sawa kama meza. Nyuma ikiinuka anaumia mabega. Tulianza na dakika kumi. Hawezi kulala akiwa ndani yake, kwa hiyo simwachi peke yake hata kidogo.

Mzee pale ameuliza kama si kumtesa. Mzee wangu, swali hilo nimelala nalo usiku mwingi. Kama maumivu hayazimiki, au kupooza kunapanda kutoka miguuni kuelekea kifuani, au nyumbani hakuna mtu wa kukamua mchana, kumpumzisha ni huruma, na nisingemlaumu yeyote. Ila msiamue kwa kutazama miguu peke yake. Huyu akisikia sufuria ya uji wake inafunuliwa, anajivuta kwa miguu ya mbele kutoka uani mpaka jikoni, na mkia umekufa kabisa lakini masikio yote mawili yamesimama. Vijana wa takataka bado anawabwekea kila Jumanne.

Naona saa kumi imefika, ndiyo saa yake. Mama, wewe uliyekaa mbele, nawa mikono kwa sabuni ile, njoo upige goti hapa. Weka viganja vyako juu ya vyangu. Taratibu. Hapo, hapo hapo. Umelisikia chungwa?