Programu Nayo Ipige Hodi

Mhadhara kwa wasanidi programu vijana, Dar es Salaam

Habari za jioni. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja mkapambana na foleni.

Tazameni ukutani. Mstari ule niliuandika mimi mwenyewe, nilipopewa kazi ya kutengeneza mlisho, yaani faili la orodha ya habari mpya, wa tovuti moja ya habari za Kiswahili:

Jumanne, 2 Machi 2021 09:15:00 EAT

Kwa yeyote aliyeketi humu mstari huo hauna kosa. Siku ipo, tarehe ipo, saa ipo, na tumeeleza kabisa kwamba ni saa za Afrika Mashariki. Lakini anayeusoma mlisho kwanza ni programu, binadamu anafuata baadaye. Na kanuni ya tarehe inayofuatwa na RSS, aina ya mlisho niliyoitumia, ni ile iliyowekwa kwa ajili ya barua pepe mwaka 1982, RFC 822. Kanuni hiyo inazijua kwa majina saa za mashariki ya Marekani, za kati, za milimani na za pwani ya Pasifiki. EAT haimo. Siku na miezi nayo huandikwa kwa Kiingereza, herufi tatu tatu. Basi kisomaji kimoja, yaani programu ya kusomea milisho, kikazirudisha habari zetu zote mwaka 1970, maana ndipo kompyuta nyingi zinapoanzia kuhesabu muda. Kingine kikazipa saa ileile kilipozichukua. Msomaji akifungua asubuhi anakuta mvua ya juzi imekaa juu ya ajali ya leo. Mhariri alinipigia simu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona habari zetu zinarudi nyuma?"

Mstari sahihi ni huu wa chini: Tue, 02 Mar 2021 09:15:00 +0300. Tarakimu za mwisho zinasema tuko saa tatu mbele ya Greenwich, na kila kisomaji kinachofuata kanuni hiyo kinazielewa.

Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyofuata nikaona habari nyingine zimeandikwa kuwa zimetoka saa tisa usiku, wakati najua chumba cha habari kilikuwa kimefungwa. Kumbe mfumo ukiwauliza waandishi saa ya kuchapisha, baadhi yao waliandika 03:15, kwa kuwa ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Hawakukosea hata kidogo. Kwetu jua likishachomoza ndipo tunaanza kuhesabu moja. Aliyekosea ni mimi, niliyewawekea kisanduku bila kwenda kukaa nao nikaona wanavyofanya kazi. Nilikiondoa. Seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, ikawa inaweka saa yenyewe, na anayetaka habari itoke baadaye akawa anachagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa anayoijua, na mfumo unageuza. Naomba mlishike hilo hata kama mengine yote ya leo mtayasahau: tarehe ya mlisho inaanza kwenye kidole cha mtu.

Sasa, mlisho wenyewe ni nini? Ni faili moja ambalo tovuti inaliweka mahali pa wazi, lina orodha ya mambo mapya: kichwa, kiungo, muhtasari, saa. Mwenye tovuti hajui nani atalisoma, wala hajui litasomwa kwa programu gani. Msomaji haombi ruhusa, hafungui akaunti, hatoi namba ya simu. Anachukua anwani tu, anaiweka kwenye kisomaji chake. Hakuna kampuni katikati inayoamua leo uone nini. Ndiyo maana naupenda, na ndiyo maana nasema kazi hii yote inasimama juu ya adabu ya wasanidi wa pande mbili: anayetoa na anayechukua. Hakuna askari.

Chimbuko lake ni Marekani. Machi 1999 kampuni ya Netscape ilitoa RSS ya kwanza ili tovuti ziweze kupeleka vichwa vya habari kwenye ukurasa wake wa My Netscape. Mwaka 2001 Netscape yenyewe ilikuwa imeshaitupa. Mlisho ukabaki mikononi mwa watu wasioelewana. Dave Winer wa kampuni ya UserLand alitaka kitu chepesi ambacho mtu yeyote angeweza kukiandika. Kundi lililoitwa RSS-DEV lilitaka mfumo mpana zaidi, RDF, wa kuieleza mashine maana ya data. Tangu Desemba 2000 kila upande ulikuwa umeshatoa toleo lake, huku 0.92, kule 1.0. Katika kundi la 1.0 alikuwamo Aaron Swartz, mtoto wa miaka 14. Hili nalisema kwa ajili yenu mliovaa sare za shule pale kushoto. Nayo 0.92 ikaleta tagi ya enclosure, ya kuambatisha faili la sauti, na podikasti mnazosikiliza kwenye daladala zilipitia mlango huo.

Ugomvi ule haukuisha, ukazaa Atom, aina nyingine ya mlisho, iliyopitishwa kuwa RFC 4287 mwezi Desemba 2005. Mimi nikianza kazi mpya leo, kama si podikasti, natumia Atom. Inamlazimisha mtoaji aweke kitambulisho, kichwa na saa ya kusasishwa kwa kila habari, wakati RSS 2.0 inakuachia karibu kila kitu kwa hiari yako. Na tarehe yake haina Jumanne wala Tue: 2021-03-02T09:15:00+03:00. Mwaka 2017 ikaja JSON Feed, ya Brent Simmons na Manton Reece, kwa wanaochoka na XML, lugha ya tagi ambayo RSS na Atom huandikwa nayo. Ni nzuri, ila karibu visomaji vyote vinaijua RSS na Atom, kwa hiyo hamlazimiki kuhama.

Mtaniambia milisho ilikufa Google ilipofunga Google Reader, tarehe 1 Julai 2013. Mimi nilikuwa nasomea hapo kila asubuhi, na iliniuma sana. Lakini kilichofungwa ni kisomaji. Orodha yangu ya tovuti niliitoa kwa faili moja la OPML, muundo wa kubebea orodha ya milisho, nikaliingiza kwenye kisomaji kingine, na jioni ileile habari zilikuwa zinaingia. Hakuna tovuti hata moja iliyohitaji kujua kwamba nimehama. Jaribuni kuhama na wafuasi wenu kutoka mtandao mmoja wa kijamii kwenda mwingine, mtaona tofauti.

Nije kwenye hodi.

Kisomaji hujua kuna jipya kwa kwenda kuuliza. Anayekiandika bila kufikiri anakiambia kiende kila dakika tano, kichukue faili zima. Tupige hesabu. Faili la kilobaiti 200, kila dakika tano, ni mara 288 kwa siku: megabaiti 57 na zaidi, kwa kisomaji kimoja. Wasomaji mia wenye kisomaji cha namna hiyo wanapita gigabaiti tano na nusu kwa siku, na tovuti yenyewe pengine imechapisha habari mbili tu. Gharama hiyo inamwangukia mwenye seva, na kama kisomaji kiko kwenye simu, bando la msomaji linateketea.

HTTP, lugha ambayo programu na seva huzungumza, ina dawa tangu zamani. Seva ikikupa faili, inakupa pamoja nalo alama, ETag, au saa ya badiliko la mwisho, au vyote viwili. Unavitunza kwenye hifadhidata yako. Safari ya pili unasimama mlangoni, unasema: nina alama hii, je, kuna kipya? Kwa lugha ya mashine ni If-None-Match. Kama hakuna, seva inajibu 304, bila mwili, baiti mia chache tu. Unageuka, unakwenda zako. Na ikikujibu 429, maana yake umezidi. Soma Retry-After, muda wa kusubiri ambao seva imekupa, usirudi kabla ya muda huo. Nimeona visomaji vilivyojibiwa 429 vikaongeza kasi ya kuuliza. Jamani, hata nyumbani kwa ndugu yako hupigi hodi hivyo.

Mkiwa upande wa kutoa, wajibu wenu ni alama iwe ya kweli. Kuna mifumo inayoingiza saa ya sasa ndani ya faili kila linapoombwa. Faili linabadilika kila sekunde, alama inabadilika, 304 haitoki kamwe, na msanidi wa kisomaji aliyejitahidi amefanya kazi bure. Tena kitambulisho cha habari kisibadilike. Mkihamisha tovuti kutoka http kwenda https, na kitambulisho mlikifunga kwenye anwani, wasomaji wenu wote wataletewa habari za miaka mitatu upya usiku mmoja.

Kwa wasiotaka kusubiri kuulizwa ipo WebSub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018: mtoaji anaiarifu stesheni moja, stesheni inawaarifu waliojiandikisha. Ifikirieni baada ya 304 kufanya kazi, si kabla.

Zana hazina gharama. Kwa lugha ya Python chukueni feedparser, maktaba ya kusoma milisho, imeshapambana na XML mbovu za kila aina kwa zaidi ya miaka ishirini. Mkitaka kisomaji chenu wenyewe kwenye seva ndogo, FreshRSS inakubali hifadhidata ndogo ya SQLite, Miniflux inataka ile kubwa ya PostgreSQL. Kabla ya kutangaza mlisho wowote, upitisheni kwenye kikaguzi cha W3C. Kitawaonyesha ile alama ya "&" iliyoingia kwenye "Habari & Michezo" bila kuandikwa kwa namna ya XML. Mimi imeniangushia mlisho mzima mara mbili. Na kwa kazi zenu za kila siku: mradi wowote wa wazi ulioko GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, ongezeni /releases.atom mwishoni mwa anwani yake, mtajua toleo jipya la usalama limetoka kabla hamjaambiwa na mtu.

Sasa tulione kwa macho. Nimeandika amri ya curl, programu ya kuomba faili mtandaoni, inayouomba mlisho wa mradi mmoja na kuitunza alama yake kwenye faili. Dada, njoo ubonyeze. Asante. Limekuja faili zima, namba 200, mnaiona. Bonyeza tena, safari hii curl inaipeleka ile alama. Wewe wa mstari wa mbele, tusomee namba iliyotokea.

"Mia tatu na nne."

Haya. Nani ana swali?