Miguu Iache, Badili Kichwa: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Kigoma

Mwakeye, ndugu zangu. Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Nashukuru mmekuja asubuhi hii ya Jumamosi, maana nawajua: ikifika saa nane, nusu ya viti hivi vitakuwa vitupu, watu wameshaenda harusini.

Hii hapa mezani ni tripodi. Mtaani tunaiita stendi, na mimi nitaiita hivyo hivyo. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Ujiji aliyepiga picha za paspoti enzi za filamu. Hebu iinueni muone uzito. Miguu ni alumini nene, vibano vyake bado vinauma, na ukiisimamisha kwenye mchanga wa Kibirizi haitikisiki. Kilichokufa ni kichwa, ile sehemu ya juu inayoshika kamera. Mpini umekatika, kisahani cha kufungia kamera hakipo, na hata ukikaza vipi kamera inainama polepole kama mzee anayesinzia barazani.

Wengi wakifika hapo huitupa stendi yote na kununua mpya ya bei poa, ile yenye miguu kama vijiti vya mishikaki. Wamepata kichwa, wamepoteza miguu. Meli yetu Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na miaka ya 1970 ikang'olewa injini za mvuke ikawekewa za dizeli. Hakuna aliyesema bodi nayo itupwe.

Sasa niwaambie nilivyoharibu mimi. Nilipata kichwa kizuri cha video, nikakuta tundu la chini ya kichwa, lililowekewa kipande cha kulipunguza hadi robo inchi, na bolti ya juu ya stendi haviendani. Nikang'oa bolti ya zamani, nikaenda kwa fundi baiskeli pale Mwanga, nikachomoa bolti ya milimita 6 kwenye kopo lake. Ikaingia mizunguko mitatu, laini kabisa. Wa nne ikagoma. Mwenye akili angesimama. Mimi nikaomba spana.

Kilichotokea ni hesabu tu. Skrubu za kamera dunia nzima hupimwa kwa inchi. Ndogo, ile inayoingia kwenye kamera, ni robo inchi, yaani milimita 6.35, nyuzi, ile mistari inayoizunguka skrubu, 20 kwa kila inchi. Kubwa, ile inayoshika kichwa kwenye stendi, ni tatu ya nane ya inchi, milimita 9.5 na kidogo, nyuzi 16 kwa inchi. Bolti ya baiskeli ya milimita 6 ina uzi kila milimita 1. Ya kamera ina uzi kila milimita 1.27. Kila mzunguko mnaachana kwa robo milimita na ushei, na kufika wa nne mmeshaachana uzi mzima. Chuma kikikutana na alumini katika ugomvi huo, alumini ndiyo inayotafunwa. Ni sawa na kuleta behewa la SGR, lililoundwa kwa reli yenye upana wa milimita 1,435, ukaliweka kwenye reli yetu ya mita moja hapa mwisho wa reli, halafu ulisukume.

Mkiwa na kamera za zamani sana za Ulaya msiogope. Nyuzi zake ni za Mwingereza Whitworth, aliyeleta kipimo chake mwaka 1841. Pembe ya uzi inatofautiana kidogo na ya leo, digrii 55 kwa 60, lakini hesabu ya nyuzi kwa inchi ni ile ile na kwa kawaida zinaingiliana.

Harusi ilikuwa ya jioni, ukumbi umejaa. Bibi harusi akaingia kutoka kulia kwangu kwenda kushoto, nami nikamfuata na kamera. Bolti zote hizi hukazwa kwa kuzungushia kulia. Ukigeuza kamera kushoto, na kichwa chako ni kigumu kuliko bolti yako, basi unachofungua ni bolti. Alipofika kwenye kiti chake kichwa changu kilikuwa kimelegea kabisa, na kamera ilidakwa na shangazi mmoja aliyekuwa anapiga vigelegele. Hata hakunyamaza. Alidaka huku anaendelea.

Nilipotulia ndipo nikaelewa jambo ambalo ndilo lililonileta hapa. Bolti haishiki kichwa. Kazi ya bolti ni kuvuta. Kinachoshika ni uso wa chini wa kichwa kukaa juu ya sahani ya stendi, bapa kwa bapa. Kama nyuso hizo hazijagusana vizuri, kaza mpaka mishipa ya shingo itoke, kamera itacheza tu.

Ndiyo maana sipendi kipande cha mpira wa tyubu watu wanachoweka katikati. Mkononi unahisi kimekaza, lakini ukitumia lenzi ndefu picha inatetemeka kama uji. Toeni.

Nilichofanya mwisho ni hiki. Kwanza kutoa kichwa kizee. Skrubu yake ilikuwa imetiwa gundi ya nyuzi, nikapuliza joto kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni kwa dakika kadhaa, ikalegea. Kisha nikampelekea mkereza vyuma ile nguzo ya katikati, na kichwa chenyewe, sio maelezo ya mdomo. Akakereza kizibo cha alumini cha kuingia juu ya nguzo kwa kubana, chenye sahani pana kama kitako cha kichwa. Upana huo msiufanyie ubahili. Sahani ndogo chini ya kichwa kikubwa ni kusimama kwa kidole gumba.

Katikati akatoboa kwa bit ya milimita 8, halafu tapu, kile chuma cha kukatia nyuzi, ya tatu ya nane, nyuzi 16. Kwenye alumini alitumia mafuta ya taa: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga zikatike. Kile kipande cha kupunguza tundu la kichwa tukakitoa. Akaingiza kipande cha bolti ya chuma na gundi ya nyuzi upande wa chini tu. Upande wa juu hautiwi gundi, utataka kubadili kichwa siku moja.

Urefu wa bolti inayobaki juu ndio unaowaponza wengi. Chukua njiti ya kiberiti, itumbukize kwenye tundu la kichwa mpaka ifike chini, weka alama kwa ukucha. Bolti iwe fupi kuliko alama hiyo. Ikiwa ndefu itagota ndani kabla nyuso hazijagusana, na wewe utadhani umekaza. Huku juu kwenye kamera ni hatari zaidi: skrubu ya robo inchi isiingie zaidi ya milimita 5 hivi, itatoboa tumbo la kamera.

Kujua kama nyuso zimegusana nilipaka lipstiki ya mke wangu kwenye sahani, nikafunga kichwa, nikafungua. Palipobaki pekundu tupu kichwa hakikuwa kimegusa. Tukasugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, tukarudia mara tatu. Lipstiki nimelipa.

Na ile habari ya bibi harusi kwenda kushoto? Tulitoboa matundu matatu kwenye sahani kutokea chini, tukaweka skrubu ndogo za kusukuma kitako cha kichwa. Kila skrubu tumeitanguliza kipande cha nailoni nene ya wavuvi ili isichimbe kichwa. Kaza kichwa kwanza, kisha hizo tatu, kidogo kidogo kwa zamu.

Kuhusu kisahani cha juu cha kufunga na kufungua kamera haraka, ule mtindo wa kampuni ya Arca-Swiss wenye pande za mshazari na upana wa kama milimita 38, sina mengi. Ni mzuri, nunueni, ila pimeni kibano kabla ya kulipa, maana vya kuiga havilingani.

Sasa sogeeni. Lenga mchikichi ule wa ng'ambo ya barabara kwa zumu ya mwisho, gonga mguu wa stendi kwa kidole, hesabu picha inachukua muda gani kutulia. Kaka uliyekaa mlangoni, naona umekuja na stendi yako yenye mpira wa tyubu. Ilete tuanze nayo. Nani ana kiberiti?