Bajaji Isiyomsubiri Abiria

Habari za asubuhi, jamani. Poleni na foleni. Waliokuja na mwendokasi kutoka Kimara nawaona wamekaa mbele, wenye magari yao bado wanaingia mmoja mmoja. Tuanze hivyo hivyo, watatukuta njiani.

Niliombwa nizungumzie lugha ya programu ya Java, ya sasa, na programu za kwenye klaudi. Nimeamua nizungumzie kusubiri, maana ndiko kunakotula hela.

Miaka fulani nilikuwa sehemu moja tunapokea malipo ya simu. Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka tu, mfumo unaganda. Dawa yetu ilikuwa moja: ongeza seva. Siku moja nikaenda kuangalia prosesa, nikitegemea kuikuta inachemka. Wapi! Imekaa tu, kama mlinzi wa usiku wa manane. Tulikuwa na Tomcat, ile programu inayopokea maombi ya wavuti kwa Java, kwa mpangilio wake wa kawaida, yaani thredi 200 (watenda kazi ndani ya programu), na kila ombi linashika thredi yake mpaka limalizike. Mfumo wa upande wa pili siku hiyo ulikuwa unajibu baada ya sekunde 30. Haya, gawanyeni 200 kwa 30. Maombi hayafiki hata saba kwa sekunde! Mashine ya mamilioni ya shilingi, na Mangi wa mtaani kwetu na daftari lake la mikopo anakaribia kuishinda.

Sasa fikiria bajaji. Umeikodi kutoka Mwenge, ukafika benki, ukamwambia dereva "nisubiri hapo nje". Wewe uko ndani kwenye foleni, yeye amelala kwenye usukani, na abiria wengine wamejaa kituoni hawana usafiri. Hiyo ndiyo thredi ya kawaida ya Java. Ni thredi ya mfumo endeshi wenyewe, na kwenye Linux ya biti 64 hutengewa kwa kawaida nafasi ya megabaiti 1 kwa ajili ya stack yake, yaani memori yake ya kazi. Huwezi kuzipaki nje ya benki laki moja.

Java 21, iliyotoka Septemba 2023, ilileta rasmi thredi pepe. Hapa dereva anakushusha benki na kuondoka na abiria mwingine. Ukimaliza shida zako, bajaji yoyote iliyo tupu inakubeba kutoka pale ulipoishia. Bajaji, yaani thredi za mfumo endeshi, ni chache, kwa kawaida sawa na idadi ya viini vya prosesa, ila abiria, yaani thredi pepe, wanaweza kuwa laki na zaidi. Na msimbo wako unabaki ule ule wa mstari baada ya mstari, ambao hata aliyeajiriwa jana anausoma akaelewa. Wanaotumia Spring Boot, zana ya kujengea programu za Java, kuanzia 3.2, ni kuweka spring.threads.virtual.enabled kuwa true, basi.

Lakini msije mkasema niliwaahidi kasi. Anayekwenda Posta hafiki mapema kwa sababu hii. Kama kazi yako ni kukokotoa, kubana picha au kusimba data, thredi pepe hazikusaidii kitu; pale hakuna anayesubiri.

Halafu kuna suala la mzigo. Umeingia benki lakini gunia lako la mchele umeliacha kwenye bajaji. Dereva ataondokaje? Ndivyo ilivyokuwa kwa msimbo uliosubiri ukiwa ndani ya synchronized, yaani kufuli linaloruhusu thredi moja tu kwa wakati: thredi pepe inaing'ang'ania ile thredi inayoibeba. Java 24, Machi 2025, ndiyo iliyoondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Mlio kwenye 21, kagueni maktaba zenu za zamani kabla ya kushangilia.

La kontena, yaani kifurushi cha kuendeshea programu chenye mipaka yake ya memori, nalisema kwa haraka. (Si za bandarini, kaka, hizo zina ushuru wake.) Java 8 za mwanzo zilikuwa kama mpangaji wa chumba kimoja anayehesabu nyumba nzima kuwa yake: zinaangalia memori ya seva yote, zinajipimia humo, Kubernetes, msimamizi wa kontena, inakuja kuziua kwa namba 137, ya kuzidisha memori. Java 10 ilijifunza kusoma mipaka ya chumba chake, na toleo la 8u191 likapewa akili hiyo hiyo. Siku hizi kosa ni la upande wa pili. Usipoiambia kitu, kwenye kontena ya gigabaiti 1 Java hujipimia heap, yaani memori ya data za programu, ya robo tu, na memori iliyobaki unailipia bure. Tumia MaxRAMPercentage, mpangilio wa asilimia ya memori inayopewa heap; mimi huanza na 70. Usiweke 100, kwa sababu stack, metaspace (taarifa za msimbo uliopakiwa) na vingine haviishi ndani ya heap.

Sasa turudi pale kwetu mwisho wa mwezi, tuseme tumewasha thredi pepe. Maombi elfu kumi yanaingia bila shida, yote yanakimbilia kanzidata. HikariCP, maktaba inayotunza miunganisho ya kanzidata, kwa kawaida ina miunganisho 10. Foleni haikufa, imehama kutoka mlangoni kwenda jikoni, na wanaosubiri wataanza kukatiwa baada ya sekunde 30. Zamani zile thredi 200 zilikuwa pia ndilo geti letu, bila sisi kujua. Ukilivunja, jenga jingine kwa makusudi: weka Semaphore, kihesabu cha kuruhusu idadi maalumu tu kwa wakati mmoja, mbele ya kanzidata, amua mwenyewe waingie wangapi.

Dada pale nyuma umenyoosha mkono tangu kwenye gunia la mchele. Karibu, uliza.